Kiwanja kinatazama magharibi na ramani ina paa la kuficha: nibadilishe ramani au nijenge tu niweke AC?

mwl_jografia

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri kabla sijaanza kumwaga hela chini.

Nina kiwanja Chanika, huku Dar, mita 20 kwa 30, barabara iko magharibi na ule upande wa mita 20 ndo uko barabarani. Nilinunua ramani kwa jamaa mmoja mtandaoni, vyumba vitatu, sebule, dining, jiko, paa la kuficha (bati linafichwa nyuma ya ukuta uliopandishwa) kama hizi zinazojengwa siku hizi kila kona, halafu chumba cha masta kiko mbele kabisa, yaani jua linapozama linakitazama usoni. Kwenye picha nyumba ni nzuri jamani, nilikuwa naifungua kila nikikaa kwenye daladala.

Nikaja kuingiwa na wasiwasi mwezi wa pili. Nimepanga Tabata na ukuta wa chumba changu umetazama magharibi vilevile. Siku moja umeme ulikatika, feni imesimama, saa nne usiku nikaweka kiganja ukutani nikakuta ukuta ni wa moto kama kikombe cha chai. Saa nne usiku! Jua limezama tangu karibu saa moja. Nikavuta godoro nikaenda kulala sebuleni chini, na nikiwa nimelala pale nikawaza kwamba naenda kukopa hela nijenge chumba kilekile, tofauti tu ni kwamba hiki kitakuwa changu.

Kuna jambo la pili pia. Nafundisha jografia, kila mwaka nasimama mbele ya watoto naelezea gesijoto, naelezea viwanda vya saruji, ukame, mafuriko ya pale Jangwani, Dar. Mwaka huu binti mmoja akaniuliza "madam, na wewe nyumba yako utajenga na nini?" Sikuwa na jibu la kumpa, na sipendi kuishi bila jibu la swali lile.

Hela ya majaribio sina, mkopo wa sakosi ndo utakaoanza msingi. Nataka nyumba ambayo haitanifunga kwenye AC maisha yangu yote na isiyokula saruji bila sababu. Je nibadilishe ramani au kuna material ya kununua inayotatua hili? Watu wananiambia tofali za kufungamana (za udongo na saruji kidogo, zinashikana zenyewe), wengine wananiambia nipake rangi maalumu. Fundi wangu anasema nisijisumbue, AC siku hizi bei zimeshuka.

---

kaka_ramani

Mwalimu, usinunue chochote kwanza. Tatizo lako liko kwenye karatasi na karatasi ndo kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye ujenzi, kuifuta ni bure.

Kiwanja chako ni bahati na hujui. Mita 20 iko barabarani na mita 30 inaingia ndani, maana yake kiwanja kimelala mashariki-magharibi. Ramani uliyonunua nahisi imetanuliwa mbele ili nyumba ionekane kubwa barabarani, sivyo? Sasa igeuze robo mzunguko. Upande mwembamba wa nyumba ndo utazame barabara, ule mrefu utazame kaskazini na kusini. Nyumba ikiwa na upana wa mita 9 unabakiwa na zaidi ya mita tano kila ubavu, madirisha ya vyumba yanafunguka huko, hewa inapita.

Nikuelezee kwanini, na wewe wa jografia utanielewa haraka. Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Juni jua linaegemea kaskazini, saa sita mchana liko kama nyuzi 60 juu. Desemba linaegemea kusini kidogo, liko nyuzi 73 hivi. Kwa hiyo kwa ukuta wa kaskazini na wa kusini jua kali siku zote liko juu, na kitu kilicho juu unakikinga kwa kofia. Upenu wa sentimita 90 Juni unakupa kivuli cha kama mita moja na nusu kwenye ukuta wa kaskazini, Desemba upande wa kusini unafunika karibu ukuta mzima. Lakini magharibi saa kumi na moja jioni jua liko kama nyuzi 20 tu, limekaa usawa wa macho, upenu uleule wa sentimita 90 unafunika sentimita thelathini na kitu basi. Ndo maana ukuta wako wa Tabata unapika mpaka usiku, tofali za simenti zinakusanya moto jioni nzima halafu zinakurudishia wewe umelala.

Upande wa magharibi weka stoo, choo cha wageni, jiko (upepo wa mchana unatoka baharini mashariki kwa hiyo moshi na harufu ya kukaanga inatoka nje haiingii sebuleni), na mbele baraza lenye ukuta wa tofali za matundu. Masta ipeleke kona ya mashariki kusini, kusi ikivuma wewe ndo wa kwanza kuipata.

Sasa hilo paa la kuficha. Hili linaniuma, naliona kila siku. Tunapandisha ukuta kozi (mistari ya tofali) tatu nne juu ya lenta (mkanda wa zege juu ya kuta) ili kuficha bati, tunaondoa upenu wote, ukuta unabaki uchi, jua linaupiga, mvua inaupiga, baada ya masika mbili rangi inabanduka na gata ya ndani inavuja. Umeongeza tofali, plasta na saruji ili upate nyumba yenye joto zaidi. Weka paa la kawaida la mgongo, upenu mita moja pande zote ukiweza, bati la rangi nyeupe au kijivu cheupe, na acha matundu yenye wavu kwenye zile pembetatu za mwisho wa paa pande zote mbili ili joto la chini ya bati litoke lisikae juu ya silingi. Msanifu majengo Francis Kéré alipojenga shule ya msingi ya Gando kule Burkina Faso mwaka 2001 alifanya kitu cha namna hii, aliinua bati likawa mbali na dari na hewa inapita katikati, darasa halina AC na ni kijiji chenye joto kuliko letu. Kuta zake ni tofali za udongo uliochanganywa na simenti kidogo. Leo ana tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya wasanifu majengo, 2022, na hakuanza na kitu chochote ambacho fundi wa Chanika hawezi kukifanya.

---

zege_na_kokoto

Naongezea kwenye saruji maana nimefyatua tofali miaka 14 na hapa watu wanadanganyana sana.

Saruji peke yake inatoa kama asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotolewa na binadamu duniani, na mwalimu waambie wanafunzi kwamba zaidi ya nusu ya hiyo haitoki kwenye moto wa kiwandani, inatoka kwenye jiwe lenyewe. Jiwe la chokaa likiingia kwenye tanuru la nyuzi kama 1,450 linaachia kaboni iliyokuwa imefungwa ndani yake. Kwa hiyo hata kiwanda kikitumia umeme wa jua bado lile jiwe litatoa. Kwa kukadiria, mfuko mmoja wa kilo 50 una kama kilo 30 mpaka 40 za hewa ukaa nyuma yake, inategemea klinka (lile jiwe lililochomwa na kusagwa) iko kiasi gani. Unachopunguza kwa uhakika ni mfuko ambao hujaufungua.

Tofali za kufungamana. Nzuri, mi mwenyewe ninazo mashine mbili, lakini piga hesabu kwa mita ya mraba ya ukuta, usipige kwa tofali. Mfuko mmoja unatoa kama tofali 30 za nchi sita au kama 75 za kufungamana, hapo kila mtu anashangilia. Ila mita moja ya mraba inakula tofali 9 hivi za nchi sita zikisimamishwa, na zile za kufungamana za sentimita 30 kwa 10 inakula 33. Fanya hesabu utaona kwenye tofali zenyewe hakuna akiba, za kufungamana zinaweza hata kuzidi. Akiba yake iko kwenye mota ambayo huweki na plasta ambayo hupigi. Sasa watu wanajenga ukuta mzuri wa udongo mwekundu halafu wanaona aibu wanapiga plasta ndani na nje, faida yote imekwisha pale. Ukizichagua ziache wazi nje, piga ndani tu au usipige kabisa. Na udongo upimwe, ukiwa wa mfinyanzi mwingi tofali zitapasuka, ukiwa mchanga mtupu zitamomonyoka.

Za kuchoma kwa kuni mi simshauri mtu, tanuru moja linakula miti ya watu.

Kitu ambacho hakisemwi ni kulaza tofali. Watu wa Dar wanalaza tofali za nchi sita nyumba nzima wakidhani ndo uimara. Ukilaza inakula 12 mpaka 13 kwa mita ya mraba badala ya 9, yaani karibu nusu zaidi, na nyumba ni ya chini haina ghorofa! Msingi laza, kuta simamisha, lenta ipite juu ya kuta zote, tofali ziwe zimemwagiwa maji siku saba kivulini, siyo zile zinazofyatuliwa Jumatatu zinauzwa Jumatano. Tofali ikiwa nzima ukuta wa nchi sita uliosimamishwa unabeba bati bila shida.

Halafu ukubwa. Jamvi (sakafu ya zege) la sentimita 10 kila mita ya mraba inakula zaidi ya nusu mfuko, mita ya ujazo ya zege la moja mbili nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) ni mifuko sita na ushee. Ukipunguza nyumba kutoka mita za mraba 140 kwenda 110 umeokoa mifuko kama 19 kwenye jamvi peke yake hujagusa ukuta, rangi, bati wala taili. Uliza hiyo dining ni ya nini kama mnakula sebuleni.

Na saruji 42.5 (hiyo ni namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye mfuko) iweke kwenye nguzo, lenta na jamvi. Kujengea na plasta 32.5 inatosha, mara nyingi klinka yake ni ndogo na bei ni ndogo.

---

mwl_jografia

Kaka_ramani nimesoma mara tatu, nimechukua rula nikaigeuza ramani juu ya kiwanja kwenye daftari, kweli inaingia! Zege na kokoto asante, kuhusu dining umenigusa, kwetu tunakula mkekani.

Ila nimempigia fundi amekataa kata kata. Anasema nyumba isiyotazama barabara kwa mbele watu watasema imejengwa kombo, na madirisha makubwa mawili kila chumba ni kuita wezi na mbu. Mbu ni hoja ya kweli, Chanika mbu ni wa kutisha na nina mtoto wa miaka minne.

---

kaka_ramani

Mlango wa mbele unabaki barabarani mwalimu, baraza linaupokea, nani atasema kombo.

Madirisha, hapa nakuomba uwe makini. Yale ya aluminiamu ya kuslaidi ukinunua dirisha la mita moja na nusu unapata upepo wa nusu yake, maana kioo kimoja daima kimekaa nyuma ya kingine. Unalipia dirisha zima unapumua nusu. Halafu unaweka wavu, wavu nao unakaba upepo, unabaki na nini? Chukua ya kufunguka nje kwa bawaba, au yale ya zamani ya vioo vya kulala, nondo ziwe kwa ndani na wavu uwe kwenye fremu yake ndogo ya bawaba ili uweze kufikia komeo. Kila chumba madirisha mawili kuta mbili tofauti, moja likipokea lingine linatoa. Na funga kwa wavu juu ya kuta pale bati linapokutana na ukuta, mbu wa malaria wengi wanaingia pale. Mtwara kuna mradi wa nyumba 110 za vijijini zilizojengwa kwa kufuata hilo hilo, kuta za juu zinapitisha hewa, kila tundu lina wavu, na watu wanalala ghorofa ya juu ambako mbu ni wachache na upepo ni mwingi. Baridi ya usiku ndo inamfanya mtu akubali kulala ndani ya neti, chumba kikiwa tanuru mtoto anaitupa neti saa nane.

---

mpwani_lamu

Salamu kutoka Lamu. Naona mwasema sana jua na saruji, lakini wazee wetu waliyajua haya. Nyumba ya nyanya yangu iko Mkomani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa unene wake nusu mita, dari za boriti, vyumba vyembamba maana boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi, katikati kiwanda, yaani ua wa ndani, kiko wazi juu. Mchana wa Januari waingia mle watoka jasho limekauka. Hakuna feni. Mji mzima umeingia orodha ya urithi wa dunia 2001 na wageni waja kupiga picha, sisi wenyewe twajenga vibanda vya bloku na bati nje ya mji halafu twalia joto. Mwalimu, jenga ukuta mnene, usijutie.

---

kaka_ramani

Mpwani nakuheshimu na nyumba zile nimezilalia, lakini kwa mwalimu hapana. Ukuta mnene wa Lamu unakaa baridi kwa sababu jua haliugusi, mtaa una upana wa punda wawili kupishana, nyumba ya jirani ndo mwamvuli wako. Chukua ukuta uleule uweke peke yake katikati ya kiwanja Chanika, mwezi wa pili mchana nyuzi 32 na usiku haushuki sana chini ya 25, utakunywa jua siku nzima na hautapata usiku wa kupoa. Pwani yenye unyevu ukuta uwe mwepesi na uwe kivulini, hewa ipite. Cha kuchukua kwenu ni vyumba vyembamba, kiwanda na baraza. Na boriti za mikoko tuziache kwenye matope yake, mkoko una kaboni nyingi chini ya mizizi kuliko ile iliyo juu.

---

mpwani_lamu

La kivuli umesema kweli, sikuwa nimelifikiria hivyo. Nyumba ya ami yangu iko nje ya mji wa kale, kuta ni zilezile na ni moto. Mwalimu basi chukua kiwanda, hata kiwe mita tatu kwa tatu, kupikia na kuanika nguo, utanishukuru.

---

mtu_wa_makole

Wasomaji wa bara msichukue haya yote mkajengee Dodoma. Huku ukavu, usiku unapoa kweli, ukuta mnene wa udongo ni mali, mchana umefunga madirisha usiku umefungua. Mbeya na Njombe ndo kabisa, kule unatafuta jua liingie. Kila mtu aangalie mbingu yake.

---

gesi_na_feni

Mi ni fundi AC kwa hiyo nisikilizwe, sina faida kusema hivi. Mwalimu fundi wako amekwambia AC imeshuka bei, hajakwambia gesi ya kupooza iliyo ndani. AC nyingi za nyumbani zilizoko mtaani zina R410A, kilo moja ikivuja ni sawa na kama tani mbili za hewa ukaa, yaani mifuko hamsini na zaidi ya saruji ya huyo bwana hapo juu. Na zinavuja. Mafundi tunaopenda haraka tunafungua bomba tunaiachia hewani tunajaza upya, nimeona hivyo tangu nikiwa msaidizi na kwa kweli nilikuwa nafanya. Makubaliano ya Kigali ya 2016 ndo yameanza kuzibana hizo gesi. Ukilazimika siku moja uliza yenye R32 au R290, gesi zenye madhara madogo zaidi zikivuja, na simama pale fundi akihudumia, mwambie aikusanye kwenye mtungi.

Umeme wenyewe sasa hivi sehemu kubwa ni wa maji, bwawa la Nyerere pale Rufiji lina mashine 9 za megawati 235 kila moja. Kwa hiyo feni ya juu yenye mapanga marefu, haina dhambi. Jenga silingi iwe juu, mita tatu, feni ipate nafasi ya kusukuma hewa.

---

mwl_jografia

Wakuu nimerudi. Jumamosi nilienda kiwanjani na kiti cha plastiki nikakaa kuanzia saa tisa mpaka giza, mwanangu anacheza pembeni. Nikaona kitu ambacho miezi minane ya kuwa na kiwanja sijawahi kukiona: mwembe wa jirani upande wa barabara, saa kumi na moja kivuli chake kinaingia kwangu mita kumi na zaidi na kinaangukia palepale ambapo baraza litakuwa. Nimeenda kwa yule mzee na soda mbili nikamwomba asiukate, amecheka akasema embe zake nile tu.

Ramani imegeuzwa. Dining imetoka, tumebaki mita za mraba 108, paa la mgongo, upenu sentimita 90 maana mita moja kenchi (mbao za kubebea bati) ilikuwa inapandisha bei, kiwanda kidogo nyuma ya jiko. Tofali nchi sita za kusimamisha, nimechagua hizo kwa sababu ya hesabu ya zege_na_kokoto, na nje sipigi plasta, natia chokaa tu. Fundi alikasirika kuhusu plasta akasema nitamharibia jina. Nikamwomba aje kwangu Tabata saa nne usiku. Alikuja kweli, na mkewe, akaweka mkono ukutani akanyamaza, akauliza "na huku ndo unalala na mtoto?"

Ijumaa asubuhi tunavuta kamba. Swali moja limebaki, upande wa magharibi kati ya baraza na uzio nina mita nne, mwarobaini ukipandwa umbali gani mizizi isifike kwenye msingi?

---

zege_na_kokoto

Mita nne ni ndogo kwa mwarobaini mwalimu, usogeze mpaka uzioni kabisa kwenye kona, upate tano au sita kutoka kwenye ukuta. Karibu na baraza weka mpasheni kwenye waya, miezi minane umeshafunika. Na nipigie picha ya tofali kabla hujalipa, nataka kuona kama zimemwagiwa maji.